Kati ya Sabini na Tisini

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo sijawahi kukusimulia yote, ingawa ninaikumbuka mpaka rangi ya kitenge alichovaa bibi yako. Tangu utoto wako nimekuwa nikikupa vipande vyake tu: kwamba baba yako alikuwa dereva, kwamba alifariki kwa ajali kwenye barabara ya Gulu, kwamba mama yako alikuwa na mimba yako wakati huo. Ulipouliza zaidi, mimi shangazi yako nilikutuma dukani. Leo sikutumi popote. Kaa hapo, na kama chai imepoa, inywe hivyo hivyo.

Jana jioni ulirudi hapa Kisugu na lile gari la kampuni yenu, ukaliegesha uani karibu na tangi la maji, ukanawa, ukaketi kula. Nikakuona unamega ugali wa posho kwa vidole vinne, kidole gumba umekisimamisha pembeni kana kwamba si chako. Nikakuuliza una nini. Ukacheka.

"Si kitu, Senga. Ni stelingi ilinigonga."

"Usukani unagongaje mtu?"

"Hii gari iko na tabia yake. Ikifika sabini, ukipita kwa shimo, mbele inaanza kutikisika. Lakini ukikanyaga mpaka tisini inatulia yenyewe. Nimeshaizoea."

Nikainuka. Ulidhani nimekwenda kutazama maziwa jikoni. Nilikwenda kujifungia bafuni, nikafungulia bomba ili usinisikie nikilia. Maneno yale niliyasikia kabla hujazaliwa, kwa mpangilio ule ule, na namba zake zile zile. Hukuyatunga wewe. Aliyekufundisha naye alifundishwa na mtu.

Unajua kwamba sisi ni watoto wa kambi. Babu yako alikuwa askari kutoka Acholi, na ndiyo maana mpaka leo Kiswahili hunitoka upesi kuliko Luganda, na majirani huniita Afande ingawa sijawahi kushika hata rungu. Babu yako alipofariki tulihamia Kawempe. Bibi yako akaanza kuuza mukene, wale samaki wadogo waliokaushwa, pale soko la Kalerwe. Kaka yangu Olara, baba yako, akapata kazi ya udereva kwa Mkenya mmoja, Bwana Kilonzo, aliyekuwa akiuza na kutengeneza mashine za kusaga mahindi huko kaskazini. Yadi yake ilikuwa nyuma ya nyumba tuliyopanga. Mimi nikapata kazi ya kupika hapo hapo yadini, na kwa kuwa watu wakishiba huzungumza, hapakuwa na jambo la yadi ile nisilolijua.

Bwana Kilonzo alikuwa na landrova moja kuukuu, iliyopita mikononi mwa watu wengi kabla yake. Mlimani ilipanda bila kuguna, na matope haikuyajali. Shida yake ilikuwa barabara nzuri. Kwenye lami, ikifika mwendo wa sabini, tairi la mbele likagusa shimo au ukingo wa daraja, magurudumu ya mbele yalianza kuyumba kushoto na kulia, upesi upesi, usukani ukapiga mikono ya dereva kama ng'ombe anayetaka kujinasua kambani, na bodi nzima ikatetemeka mpaka spana zikaanguka kutoka kwenye kiti. Madereva walisema gari linacheza. Walilichagulia jambo baya neno la harusini.

Mtu angetegemea kwamba wangesimamisha gari, wakaingia chini yake, wakatazama. Hawakuwa wapumbavu wale, usinielewe vibaya. Ila walikuwa wamegundua kwamba ukikaza mikono na kukanyaga mafuta, ukafika tisini, mchezo unakwisha wenyewe. Basi ugunduzi huo ukawa ndio matengenezo. Funguo zilipokabidhiwa dereva mwingine, hakuna aliyesema gari ni bovu. Walisema lina tabia yake, kisha wakaieleza tabia hiyo kama mama anayemwachia jirani mtoto: halali bila taa, hapendi mayai.

Mkuu wa madereva alikuwa Wasswa, Mganda mrefu mwenye utani mwingi, na mtihani wa dereva mpya ulikuwa wake. Alimpeleka mgeni barabara ya Bombo asubuhi na mapema, barabara ikiwa bado tupu, akamwambia aiache landrova icheze, kisha aikanyage mpaka itulie. Aliyefika tisini alirudi yadini akapigiwa makofi na kuongezewa nyama. Nyama hiyo niliipakua mimi. Aliyekanyaga breki aliitwa Bibi Harusi mpaka siku aliyoacha kazi, na niliona wanaume wazima, wenye watoto, wakiliogopa jina hilo kuliko kaburi.

Baba yako alifaulu siku ya kwanza. Alirudi na kidole gumba kimevimba, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba kwenye gari la namna ile kidole gumba hakizungushwi ndani ya usukani. Likianza kucheza, vyuma vya katikati vinakuja kukivunja. Nilimkanda kwa maji ya moto na chumvi, yeye akicheka, nami nikicheka. Alikuwa kijana mzuri sana, Olara. Alikuwa na pengo hapa mbele, kama lako, na alipocheka alilificha kwa ulimi. Nilijivunia kaka yangu siku ile hata nikawasimulia wateja wa mama kule Kalerwe, ila mama mwenyewe sikumwambia. Hakuna aliyemwambia mama yake kuhusu landrova ile.

Sasa huyo Bwana Kilonzo, usimfikirie mtu mkatili. Alikuwa mlokole, mpole, anayesalimia hata watoto kwa mikono miwili. Kila asubuhi ya safari aliwakusanya madereva, wote wakaweka mikono juu ya boneti, Wasswa pia ingawa alikuwa Mwislamu, akaomba Mungu awafunike njiani. Na mara moja alimwita fundi. Fundi akafunga shokapu mpya ya usukani, kile chuma kinachouzuia usukani usirukeruke, na landrova ikatulia kwa muda. Lakini fundi alisema wazi, nami nikiwa hapo hapo ninapakua wali:

"Bosi, hii shokapu inanyamazisha tu. Ugonjwa uko chini. Bushi zimekufa, beringi zimelegea. Lete gari tufungue mbele yote."

"Tutafungua, fundi. Spea ziko njiani," akajibu Bwana Kilonzo. "Kwani sasa si imetulia? Mungu ni mwema."

Ilikuwa kama kumpa aliyevunjika mguu dawa ya maumivu na kumwambia aendelee kulima. Shokapu ile ikachoka, landrova ikarudia kucheza, na ninadhani madereva walifurahi kidogo, maana walikuwa wamepata tena cha kujionyesha nacho. Spea ziliendelea kuwa njiani.

Nimefika kwenye siku yenyewe. 

Walikuwa wakirudi kutoka Gulu, injini mbovu ya mashine ya kusaga imefungwa nyuma, baba yako kwenye usukani na Wasswa kando yake. Wasswa ndiye aliyetusimulia. Walipokaribia Luwero, alasiri, mbele yao kulikuwa na lori la mkaa linalokwenda polepole. Landrova ikagonga ukingo wa kiraka cha lami, ikaanza kucheza. Fikiri vizuri hapo, mwanangu, wewe ni dereva. Dawa waliyofundishwa inataka barabara tupu. Ili ufike tisini unahitaji nafasi ya kukimbia, na mbele ya Olara palikuwa na lori. Angepunguza mwendo taratibu, akashika usukani kwa nguvu, akatoka pembeni kwenye majani, wangetikisika mpaka meno yaume, na jioni wangekuwa nyumbani. Yeye alifundishwa jambo moja tu, na aliyemfundisha alikuwa ameketi kando yake akimwambia, "Kanyaga, kanyaga."

Akakanyaga. Akatoka upande wa pili ili alipite lori na kuitafuta ile tisini yake. Mbele kukatokea basi. Akataka kurudi upande wake, lakini magurudumu yalikuwa yanaruka, na gari ambalo magurudumu yake ya mbele yanaruka halisikilizi usukani. Wasswa alitupwa nje mlango ulipofunguka. Baba yako alibaki ndani, na ile injini ikakata kamba ikaja mbele. Sitakueleza zaidi ya hapo, na naomba usiniulize.

Tulimlaza Kawempe siku moja kabla ya kumpeleka kwetu Acholi kuzikwa. Turubai lilifungwa uani, watu wakajaa. Mama yako alikuwa ameketi mkekani, tumbo mbele. Bibi yako alitoka moja kwa moja sokoni na kitenge chake cha bluu chenye harufu ya samaki, akakaa karibu na jeneza, akakataa kubadilisha nguo. Kila aliyeingia alisema maneno yale yale. Bahati mbaya, mama. Bahati mbaya imetupata. Mchungaji wa Bwana Kilonzo akasema ni mpango wa Mungu. Bibi yako alikuwa akiitikia kwa kichwa tu, nami nilidhani amekubali.

Kisha wakaja madereva wa yadi, kwa mstari, Wasswa mbele, mkono mmoja umefungwa bendeji hadi begani. Akapiga magoti akaanza, "Mama, pole, ni bahati..."

"Kaa chini," bibi yako akamwambia kwa kile Kiswahili chake cha kambini. "Wewe ulikuwa na yeye. Nionyeshe hiyo gari naendeshwa namna gani."

Wasswa akatutazama, asijue afanye nini. Mtu haulizwi jambo kama hilo msibani. Lakini mama wa marehemu hakataliwi neno, basi akauinua mkono wake mzima, akashika usukani usiokuwepo.

"Mama, ile gari iko na tabia yake. Ikifika sabini inaanza kucheza. Hapo hapana kanyaga breki. Unakaza mkono, unakanyaga mafuta mpaka themanini na tano..."

"Tisini," dereva mmoja akamsahihisha kutoka nyuma.

"Ndiyo, tisini. Hapo inatulia."

"Na gumba inakaa nje," akaongeza mwingine, naye akainua mikono yake kuonyesha. Mwenzake akamwambia hapana, si hivyo, viganja vinakaa chini zaidi, akaonyesha na yeye. Kabla hatujaelewa, mstari mzima wa wanaume ulikuwa umeinua mikono hewani, kila mmoja anaendesha, kila mmoja anamfundisha bibi yako, mbele ya jeneza.

Kisha wakajiona. Mikono ikashuka mmoja mmoja.

Bibi yako hakupaza sauti. Ningetamani angepaza.

"Kumbe nyinyi yote mulijua," akasema. "Mulijua mpaka namba."

Akawanyooshea pindo la kitenge chake.

"Mimi nauza samaki. Samaki ikioza, mimi hapana fundisha mutu namna ya kukula. Mimi natupa. Nyinyi gari imeoza, munafundisha mutoto yangu namna ya kukula. Na akikula muzuri munapiga yeye makofi." Akawatazama mmoja baada ya mwingine. "Hapana sema tena bahati mbaya kwa hii nyumba. Bahati mbaya ni kitu mutu hajui. Nyinyi mulijua."

Bwana Kilonzo akasogea, machozi yanamtoka, machozi ya kweli, akaomba msamaha na kusema kwamba kila siku waliliombea gari lile.

"Niliona," bibi yako akamjibu. "Kila asubuhi munaweka mikono juu yake. Mungeweka na spana."

Baada ya mazishi walilivuta bati lile la landrova hadi yadini. Bibi yako akaja, akamwita yule fundi, akamwambia amwonyeshe kilichomuua mtoto wake. Fundi akaingia chini, akagonga gonga, akatoka na kitu akakiweka kiganjani mwa bibi yako: bushi, kipande cha mpira chenye bomba la chuma katikati, unaweza kukifunika kwa mkono mmoja. Mpira umeliwa nusu. Kazi yake ni kukishika chuma kinachozuia ekseli ya mbele isiende kushoto wala kulia, na ikiisha, chuma kinabaki kinagonga gonga na magurudumu yanafanya yanavyotaka.

"Ni hii?" akauliza.

"Ni hii, mama. Na wenzake."

"Hii ndogo?"

Akaketi juu ya tairi akalia. Hakuwa amelia msibani. Nilisimama kando yake nikiwa na mwiko mkononi, kwa sababu nilitoka jikoni mbio, na sikujua niuweke wapi.

Ulipozaliwa, mama yako akakuita Komakech, kama wanavyofanya kwetu mtoto akizaliwa baada ya msiba. Mwenye bahati mbaya, ndiyo maana yake. Simlaumu, alikuwa binti mdogo aliyevunjika moyo, na alipoolewa tena akakuacha mikononi mwangu alilia njia nzima. Ila ulikuwa ukiniuliza kwa nini bibi hakuwahi kukuita jina lako, kwa nini mpaka anakufa alikuita "wewe wa Olara." Ndiyo hiyo sababu. Aliapa kwamba neno lile halitatamkwa ndani ya nyumba, akatimiza, hata ulipokuwa unakaribia kuanguka mtini na yeye anatafuta jina la kukuita haraka.

Sasa nisikilize, maana hapa ndipo nilipotaka kufika. Hapa mjini watakufundisha mambo mengi ya namna hii. Utakuta kazini kuna jambo bovu, na badala ya kulitengeneza watu wamelitungia maelekezo. Pita hapa, shika pale, usiguse kile, utazoea. Utakuta nyumba ya ndoa inayocheza hivyo hivyo, mke anajua ni saa ngapi asiseme neno, na mashoga zake wanamsifu kwa uvumilivu. Mtu akikukabidhi kitu akaanza kwa kusema kina tabia yake, muulize kwanza kwa nini hakijafunguliwa. Wakikucheka, cheka nao, halafu uulize tena. Usijivunie kuweza kukaa na ubovu. Mazoea yale hufanya kazi siku barabara ikiwa tupu, nawe huna mamlaka juu ya lori la mkaa.

Na ukiwa umebeba watu, hata ruhusa ya kujaribu huna. Kesho unatakiwa uwapeleke wageni Karamoja. Wao hawajui namba zako. Watapanda wakitabasamu, wakupe chupa za maji uwawekee nyuma.

Ndiyo maana leo asubuhi, ulipokuwa bado umelala, nilimwita fundi Musa wa hapo ng'ambo ya barabara. Akalala chini ya gari lako, nami nikainama nimemshikia tochi, mgongo huu unaoujua. Akaniambia nitikise usukani. Nikatikisa, na nikasikia ule mgongano, ko, ko, ko. Akanionyesha bushi. Nilikuwa na ya baba yako mfukoni, ile bibi yako aliyoiweka kwenye kopo la sindano mpaka alipofariki. Nikaziweka pamoja kiganjani, na Musa akaniuliza kwa nini nakaa chini.

Nikamwambia akifungue chuma kizima cha bushi ile. Kiko chini ya kitanda changu, na leo sitoki nyumbani. Gari lako haliendi hata mpaka getini.

Nimempigia simu bosi wako pia. Alikuwa na adabu sana. Akaniambia, "Mama, ile gari tunaijua, iko na tabia yake tu." Nikamwambia mimi pia nina tabia yangu, na kwamba wageni watafute gari jingine, na kwamba chuma chake atarudishiwa siku bushi mpya zitakapoletwa hapa Musa azifunge macho yangu yakiona, beringi nazo zikazwe. Akasema labda atamtafuta dereva mwingine. Naona umeshaanza kukunja uso. Kunja. Ukasirike mpaka usiku, unipite mlangoni bila salamu kwa mwezi mzima, nitakuwa ninakusikia ukipita. Ukifukuzwa kazi, posho ipo humu ndani, na mimi bado ninajua kuuza mukene.

Ila huyo dereva mwingine, mtafute wewe kabla hawajampata. Mwambie haya niliyokuambia. Usimwambie namba.

Mungu wa bibi yako akulinde, mwanangu. Akupe mguu mwepesi kwenye breki na ngozi ngumu ya kuitwa Bibi Harusi. Uzeeke, uwe na wajukuu wakorofi wanaokunyima usingizi, na wasisimuliwe habari zako msibani na watu walioinua mikono. Jina ulilopewa lifie kwangu. Kuanzia leo, na mimi nitakuita wewe wa Olara.

Haya, sogea. Maji ya moto na chumvi yako kwenye beseni hapo. Lete hicho kidole nikikande. Safari hii sitacheka.